Mbuzi wa Mwisho wa Sefania

Sefania alikuwa mtu mfupi, sauti yake ya chini, miguu yake imejaa mishipa kwa kutembea. Ungekutana naye njiani na fimbo yake na kikoti chake cha kaki usingegeuka kumtazama tena. Lakini kwetu Kwemsasa, kule juu kilimani, hapakuwa na posa iliyotoka bila yeye kutangulia. Yeye ndiye alikuwa mshenga wetu.

Watu wa chini barabarani mpaka leo wapo wanaosema Sefania alituuza. Mimi nami nilisema hivyo, tena kwa sauti, mbele ya watu wazima. Kwa hiyo ni juu yangu kuandika ilivyokuwa. Kuandika nilijifunza ukubwani, katika kisomo cha watu wazima, mkono wangu ni mzito na nachoka haraka. Nitasema ninayoyajua, basi.

Posa zetu za zamani zilikuwa na mwendo wake. Baba wa binti alikata vijiti, akavifunga na kamba ya mgomba. Kijiti kimoja mbuzi mmoja, kile kinene ndiyo ng'ombe. Akampa mshenga lile fungu. Mshenga analipokea kwa mikono miwili, anainama, anashukuru. Hasemi ni vingi. Kusema ni vingi pale pale ni kumtukana mzee na binti yake, na unaweza kurudishwa nyumbani na njaa yako. Ukishapokea unawaambia wenzako, twendeni tukanyooshe miguu, mnatoka nje wote. Huko nje ndiko mnakopunguza. Mkirudi mnaweka mbele ya mzee vile vilivyobaki, na hapo ndipo maneno yanapoanza. Baba, tulegezee kidogo. Wanangu, hapo mmenikaba. Haya, isiwe yenu, isiwe yetu, tukae hapa. Vijiti vinarudi mkononi, watu wanatoka nje tena, wanaingia tena, mpaka jua linakwenda. Nyumba iliyomaliza haraka ilichekwa, walisema binti yao alikuwa anawasumbua.

Mwisho kinabaki kijiti kimoja. Hawa hawakiachi na wale hawakiongezi, kwa sababu kila upande umeshalegeza mpaka umechoka. Kikishindikana kabisa, mshenga anakitoa yeye, mbuzi kutoka kwenye zizi lake mwenyewe. Huyo tulimwita mbuzi wa mwisho. Na mshenga hatangazi kwamba alikuwa wake. Akitangaza, anakuwa amewaaibisha pande zote mbili.

Ndivyo nilivyoolewa mimi kutoka Mlalo. Baba yangu alifunga vijiti kumi na vinane. Sefania alikuwa bado kijana, mtoto wa baba mdogo wa Abrahamu, mume wangu. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni na mama zangu, nasikia kila kitu. Wenzangu walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa na hasira, kwa sababu nilisikia napunguzwa kama kapu la viazi. Kumi na sita. Kumi na nne. Wametoka, wameingia. Walipofika kumi na mbili pakawa kimya, baba anataka kumi na mbili, upande wa Abrahamu umesimama kumi na moja. Kimya kile kilikuwa kirefu mpaka nikadhani naachwa. Halafu nikasikia ile sauti ya chini ikisema, "Baba, ni kumi na mbili." Hakusema zaidi. Ila alipokuja kuletwa, yule mbuzi wa kumi na mbili alikuwa na sikio moja limekatika, na kila mtu Kwemsasa alimjua. Sefania alikuwa na mbuzi wawili tu.

Sikumshukuru. Siku ya harusi alikuja kunisalimia, akaniambia, "Shemeji, mguu wako mmoja ni wangu."

Nikamwambia achukue ule wenye kisigino kilichopasuka.

Tukaishi hivyo, jirani kwa jirani, yeye na mkewe Jenoveva nyumba ya juu kabisa, sisi chini yao kidogo. Mimi sikuwahi kupenda maneno ya punguza-ongeza. Sokoni Lushoto bei yangu ilikuwa moja. Mteja akisema mama punguza, nilimjibu kwamba kabichi haijapungua. Akisema basi sema ya mwisho, nilimwambia nimeshaisema, ndiyo ya kwanza na ndiyo ya mwisho. Mara ngapi nimepanda nazo tena kilimani, shingo imelala. Sefania akinikuta njiani alisimama pembeni anipishe. "Shemeji, umezitembeza tena? Zimeona nini mjini?" Siku moja aliniambia kwamba mtu akikuambia punguza hakutukani, anakuonyesha kwamba bado anataka kusimama hapo na wewe. Nikamjibu kwamba mimi sina miguu ya kusimama na kila mtu.

Uhuru ukaja. Abrahamu alifariki mwaka wa Azimio, akaniacha na Klara na wadogo zake wawili. Nililima, nikabeba, nikalima. Halafu ukaja mwaka wa sabini na nne, na habari za vijiji.

Sisemi vijiji vilikuwa kitu kibaya. Zahanati ile ya chini imenitibu, na bomba ni bomba. Lakini sisi wa juu tulikuwa kaya arobaini na tatu, kila moja na migomba yake imezunguka nyumba, na ndani ya migomba wamelala watu wetu. Abrahamu yumo humo. Mtoto wangu wa pili yumo humo. Tukasikia tutashushwa wote. Usiku na mchana ndiyo yalikuwa mazungumzo, mpaka maziwa yakawa yanamwagika jikoni watu wanabishana.

Tukaitwa mkutano, katika darasa la shule ya chini. Alikuja bwana kutoka wilayani na Landrova, kijana mpole wa kutoka mbali, macho mekundu kwa vumbi. Nadhani mkutano wetu ulikuwa wake wa tano au wa sita wiki ile. Wazee wakamtanguliza Sefania, nani mwingine tungemtanguliza? Kornelio alikaa pembeni akiandika. Alikuwa katibu, kijana bado, mtoto wa mwinjilisti wa chini. Wanawake tulisimama dirishani.

Yule bwana alisoma majina yote arobaini na tatu. Akasema wote washuke kabla ya masika. Alipomaliza akanyoosha mkono na ile karatasi.

Sefania alivua kofia. Akaenda mbele, akaipokea kwa mikono miwili, akainama, akasema, "Tumepokea, bwana. Tunashukuru sana."

Yule bwana akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Sefania akaegemea dawati, akaandika jina lake polepole, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa na wamisionari. Akairudisha karatasi kwa mikono miwili. Kisha akawageukia wazee, akasema, "Twendeni tukanyooshe miguu."

Wakatoka wote. Nami nilitoka dirishani nikawafuata nisikie. Wakasimama chini ya ule mteremko nyuma ya vyoo vya shule, wakaanza kuhesabu nani anaweza kushuka bila maumivu na nani hawezi. Sefania alikuwa na furaha. Nakumbuka alivyokuwa akivisugua vile viganja vyake. "Ametaja wote arobaini na tatu," alisema. "Ni mtu anayejua kuanza juu. Huyo tutaelewana naye."

Hapo tukasikia gari linawaka.

Tulipozunguka jengo tulikuta vumbi tu. Ndani Kornelio alikuwa anafuta ubao.

"Bwana yuko wapi?" Sefania akamwuliza.

"Amekwenda, mzee. Mkutano umefungwa."

"Umefungwaje, na sisi hatujarudi?"

Kornelio alibaki ameshika kile kitambaa. Alikuwa mtoto wa huku, alielewa, nilimwona alivyoelewa. Wazee nao wakawa wanatazama chini. Mimi ndiye niliyesema. Nilimwambia Sefania kwamba hata mimi wa kabichi, nisiyejua kupatana, nisingeuza kilima kizima kwa bei ya kutupa. Nilimwambia aulize mbuzi wake kama bado wanamtambua kuwa mshenga. Watu walinisikia, na wengine walitikisa kichwa kunikubali.

Sefania alivaa kofia yake akapanda kilima peke yake.

Tangu siku hiyo sikuitikia salamu yake. Kwetu hilo si jambo dogo. Alikuwa akikutana nami pale kwenye kona, nusu ya mlima, tunapotua mizigo, anasema, "Onga mshi, shemeji." Mimi naangalia shamba langu la viazi lililokuwa pembeni hapo kama vile viazi ndivyo vilivyonisalimia.

Kilichofuata tulikiona kwa mbali. Kila siku ya soko alishuka Lushoto, mwendo wa saa tatu kwenda, na kurudi ni zaidi kwa sababu ya kupanda. Hakuwa na mzigo. Mifuko ya kikoti chake ilikuwa imejaa vijiti, tulivisikia vikigongana alipokuwa akipita. Watu walimcheka. Mimi nikiwa sokoni niliweza kumwona ameketi kwenye benchi nje ya ofisi, kofia juu ya goti, asubuhi yupo, mchana yupo. Sikumpelekea hata maji. Mara nyingine aliitwa ndani, mara nyingine ofisi ilifungwa akasimama akaondoka. Alikonda.

Masika yalipokaribia ilikuja barua, Kornelio akaisoma nje ya kanisa. Kaya kumi na sita za upande wa chini zitashuka, na wale kweli walikuwa wanalitaka bomba. Kaya ishirini na sita zitabaki juu, nyumba zao zihesabiwe kuwa nyumba za shambani, kwa sharti la siku mbili kila wiki katika shamba la kijiji. Kilele cha kilima kitapandwa miti ya kijiji. Nyumba iliyopo kileleni itaondolewa.

Nyumba iliyokuwa kileleni ilikuwa ya Sefania.

Wiki ile ile alipanda juu ya paa lake mwenyewe, akang'oa mabati yake sita, akayafunga, akayashusha kwa mabega, safari tatu. Jenoveva alibeba vyungu na mlango. Akapewa kiwanja chini barabarani, karibu na bomba. Watu wakasema wameona sasa, kumbe alikuwa anajitafutia kiwanja. Nani alianza kulisema hilo? Mimi. Nilisema kwanza alituuza, sasa anakwenda kula bei. Nilikuwa na nyumba yangu na migomba yangu na Abrahamu wangu, vyote mahali pake, na bado nilisema.

Yeye hakujibu kitu. Miaka tisa aliishi pale chini. Alizeeka upesi. Posa zenyewe zilikuwa zimepungua, vijana wakawa wanatoa bahasha, wanamaliza saa moja, wanakwenda. Wakati mwingine nilimwona ameketi mlangoni kwake ametazama juu, ile miti ya kijiji, miwati, ilivyokuwa imekua. Alinisalimu kila mara, na mimi kila mara nilipita.

Akafa mwaka wa themanini na tatu, asubuhi ya Jumanne, homa ya siku nne.

Jenoveva akapanda kwangu. Sikumtarajia. Alikuwa mtu mzima kama mimi, na kilima kile kilikuwa kimemtoa pumzi, akakaa kizingitini bila kuingia. Nikampa pole, nikampa maji. Akaniambia Sefania alitaka alazwe juu, alipozaliwa, alipo mama yake, na kwamba Kornelio, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, amekataa kwa sababu pale ni msitu wa kijiji. Alitaka nishuke naye nikaseme, kwa kuwa mimi ni mkubwa wa ukoo na watu wananiogopa.

Nikamwambia, pole dada, lakini alichagua mwenyewe kushuka.

Jenoveva akanitazama. Hakukasirika. Nadhani alikuwa amechoka kupita hapo.

"Dada, yule bwana wa wilaya alibakiwa na kijiti kimoja," akasema. "Alimwambia nimelegeza mpaka hapa, lakini nikirudi bila kuonyesha nyumba iliyotoka kileleni, nitaulizwa. Mimi nimetumwa, mzee. Sefania akamwambia mimi pia nimetumwa. Wakakaa hivyo. Halafu akakichukua kile kijiti akamwekea mkononi, akasema hicho ni changu."

Nikamwuliza kwa nini hakutuambia.

"Ungemtangazia nani mbuzi wa mwisho?" akasema. "Wewe mwenyewe alikuoza hivyo."

Nilikaa. Kisha nikachukua fimbo tukashuka.

Kornelio alikuwa ofisini, amenenepa, nywele zimeanza mvi. Alisimama. "Shikamoo, Mama Klara." Nikaitikia, nikakaa. Akaeleza kwa adabu. Alisema anamheshimu marehemu kuliko tunavyojua, lakini akiruhusu kaburi moja kwenye ile miti, kesho watakuja kumi wanadai mahame yao, na msitu ni wa watu wote. Makaburi yapo, ya kanisani, hapa chini. Akaandika kibali cha kuzika hapo chini, akanipa.

Nilikuwa na neno langu tayari. Moja tu, kama bei yangu. Nilitaka kumwambia atazikwa juu, na kama hutaki uje uning'oe mimi kwanza.

Badala yake nikajikuta nimesimama. Nikaipokea ile karatasi kwa mikono miwili. Nikainama, na magoti yangu hayapendi kuinama. Nikasema, "Tumepokea, mwanangu. Tunashukuru." Nikamwambia Jenoveva, twende tukanyooshe miguu.

Tukatoka. Nje palikuwa na baiskeli ya Kornelio imeegemea ukuta. Nilisimama nikaitazama ile baiskeli, maana kama angetaka kutufanyia kama alivyotufanyia yule bwana wa Landrova, angeipanda hiyo. Jenoveva alikaa juu ya jiwe. Hatukupanga kitu, hatukuwa na nguvu ya kupanga. Nilinyoosha miguu kweli, ilikuwa inauma. Baiskeli haikutoka.

Tulipoingia tulimkuta pale pale. Karatasi nyingine zote alikuwa amezisogeza pembeni, na kalamu ameitia mfukoni mwa shati.

"Haya mama," akasema. "Mmesemaje huko nje?"

Nikasema tunataka pale nyumba yake ilipokuwa. Akasema mama, hapo umenikaba. Nikasema basi ukingoni mwa miti, siyo ndani. Akafikiri, akasema ukingo nao ni wa kijiji, labda nyuma ya shule. Nikasema nyuma ya shule kuna vyoo, na yeye anajua nini kilitokea nyuma ya vile vyoo. Akacheka kidogo, kisha akafuta uso. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Tulegezee kidogo." Sikuwahi kuyasema maneno hayo maishani mwangu, wala kwa mteja, wala kwa mume.

Tukatoka tena, tukaingia tena. Jua lilikuwa linakwenda na mwili ulikuwa unatusubiri. Yeye hakuweza kupanda zaidi na sisi hatukuweza kushuka zaidi. Akasema, isiwe yenu, isiwe yetu, lakini mama, katikati hakuna ardhi. Ardhi yote ya katikati ina mwenyewe.

Ilikuwa na mwenyewe, ndiyo. Pale kwenye kona, nusu ya mlima, tunapotua mizigo. Ndilo shamba langu lililokuwa bora kuliko yote, viazi vyake vilinisomeshea Klara.

"Hapo ni pangu," nikasema. "Andika."

Kornelio akatoa kalamu.

Tukamzika kesho yake, mchungaji alipanda mpaka hapo akasema tumemwonea huruma, maana kifua chake hakikuwa kizuri. Upande mmoja unaona mabati ya chini, upande mwingine unaona miwati. Watoto wangu waliniuliza kwa nini nimekata shamba. Niliwaambia lilikuwa kubwa mno kwangu. Haya ya kijiti nayaandika sasa kwa kuwa Jenoveva naye amekwenda, na mimi si mshenga, sifungwi na desturi yao.

Watu wengi hukaa hapo siku ya soko, mizigo chini, wanabishana bei za mjini. Mimi siku hizi nashuka mara moja tu kwa mwezi, na vichache. Nikifika kwenye kona natua, nasema onga mshi, shemeji, napumzika mpaka moyo utulie. Bei zangu nazipunguza sasa mtu akiniomba vizuri. Si sana. Jumamosi iliyopita nilirudi na kabichi mbili.